Nguo za siku hizi zinakufa kabla hazijapauka. Mafundi, wauza mtumba na wavaaji njooni tuongee

FundiWaNdani

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Dar, na kazi yangu kubwa siyo kushona nguo mpya, ni kurekebisha. Kupunguza suruali, kubana gauni, kubadili zipu, kugeuza kola, kutia kiraka, hayo ndo yananilisha. Kwahiyo nguo mimi naijua kwa ndani kuliko kwa nje na huko ndani ndo kuna mambo nimechoka kuyaona peke yangu.

Zamani mtu akileta shati la dukani limembana, nalifumua ubavuni nakuta kitambaa kimeachwa cha kutosha ndani ya mshono, napanua anaondoka anacheka. Sa hivi nafumua sikuti kitu. Wamekata mpaka ukingoni kabisa, ovaloki (ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke) imepita juujuu, stichi ndefu ndefu zimeachana kama meno ya mzee, na vifungo vimeshikwa na uzi mmoja wa mnyororo ambao ukivuta ncha moja tu kifungo chote kinakuachia mkononi. Mteja anasema "fundi nipanulie kidogo", nampanulia nini sasa wakati nyama hakuna?

Na siyo kwamba wanaoshona huko viwandani hawajui kazi. Wanajua sana. Kwenye nguo gharama kubwa ni kitambaa, ukipunguza sentimita moja kila mshono kwenye nguo laki tano umeokoa jora za kutosha kujaza godauni. Ukirefusha stichi mashine inamaliza haraka na uzi unaenda kidogo. Ukiweka poliesta, yaani nyuzi za plastiki, badala ya pamba bei inashuka tena. Hii ndo fasheni ya chapchapu wakuu, yaani nguo imepigiwa hesabu ivaliwe mara chache itupwe ununue nyingine. Zara, wale wa maduka ya nguo ya Hispania, walianza kuufanya mtindo utoke kwenye mchoro mpaka dukani ndani ya wiki chache, watu wakashangaa, leo wapo kina Shein wa kuuza mtandaoni wanaweka mitindo mipya kwa maelfu kila siku, inashonwa kwenye karakana ndogondogo kule Guangzhou kwa oda za vipande vichache kwanza, ukipenda wanaongeza. Kati ya mwaka 2000 na 2014 nguo zinazotengenezwa duniani ziliongezeka mara mbili, zikapita bilioni 100 kwa mwaka. Binadamu hatukuongezeka mara mbili!

Na anayelipa ile bei ambayo wewe hulipi yupo. Tarehe 24 Aprili 2013 kule Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, jengo la Rana Plaza la ghorofa nane liliporomoka. Jana yake lilikuwa limepata nyufa watu wanaziona kwa macho. Benki iliyokuwa humohumo iliwaambia wafanyakazi wake wasije, viwanda vya nguo vya juu vikawaita watu wao kazini kwasababu oda zina tarehe. Walikufa watu 1,134, wengi wasichana wa cherehani. Mimi nikiona lebo ya Bangladesh siwezi kuacha kuikumbuka hii kitu, maana ni watu wa kazi yangu.

Sasa hoja yangu siyo "vaeni mtumba acheni za dukani", hiyo ni rahisi mno na haisaidii. Ninachosema huu ugonjwa unatufikia mara mbili. Mara ya kwanza kama nguo mpya, Kariakoo au kwenye simu. Mara ya pili kama mtumba, maana wanachonunua wazungu leo ndo kinachokuja kwenye balo, lile furushi la mtumba, baada ya muda mfupi. Ukisema nakimbia za dukani naenda soko la mtumba la Karume, unakutana na nguo ileile, tofauti yake imeshafuliwa na mtu mwingine.

Wenye uzoefu karibuni.

shosti_wa_Tegeta

Fundi nimekusoma lakini naomba nikuulize kwa heshima, sasa tuvae nini? Mshahara wangu unaujua mwenyewe, nikitoa kodi, nauli, ada ya mtoto na michango inabaki hela ya gauni la elfu 25 na linapendeza kwenye picha. Hiyo pamba safi unayosema inauzwa bei gani? Mtu anakuja anatuhubiria kuhusu Bangladesh wakati mimi mwenyewe nafanya kazi kama wale wa Bangladesh, tofauti sisimami kwenye cherehani nasimama kaunta.

FundiWaNdani

Dada shosti swali zuri na sikuhubirii. Sina ugomvi na gauni la elfu 25. Ugomvi wangu ni magauni manne ya elfu 25 ndani ya miezi michache ambayo yote unaniletea nishone upya ubavuni na mimi nakutoza kila mara. Piga hesabu na hela yangu iingize humo uone gauni ni bei gani.

Na kwakuwa umetaja michango wacha niseme kitu hapa hamtakipenda. Sisi wenyewe tuna fasheni yetu ya chapchapu hatuisemi, inaitwa SARE. Kitchen party ina sare, send off ina sare, harusi ina sare, kamati nayo ina sare yake, kipaimara kina sare, siku hizi mpaka arobaini ya msiba! Kila moja kitambaa chake, rangi yake, unashonewa na fundi usiku wa kuamkia sherehe, unavaa masaa sita halafu haivaliki tena kwasababu kila mtu mtaani anajua hiyo ni sare ya harusi ya fulani. Na mafundi tunaishi kwa sare, najikata mguu mwenyewe kusema hivi. Lakini ukifungua kabati la mama yeyote mjini hapa ndo utaliona soko lenyewe.

shosti_wa_Tegeta

🤣🤣🤣 Hapo kwenye sare umenimaliza. Nina lundo la kutosha. Nimekubali nusu, nusu bado.

MamaMabalo

Nimeona Karume imetajwa nikasema ngoja nipite. Nauza mtumba miaka mingi, nilikuwepo soko lilipoungua Januari 2022 na nikarudi, kwahiyo msinifundishe mtumba.

Fundi kwenye hoja ya ubora umesema kweli tupu na inaniuma. Zamani balo la magauni ukilifungua unajua sehemu kubwa ni ya mezani, gredi ya juu unaipiga pasi unatundika, katikati unaiweka kwenye bei ya kawaida, ile ya chini unaimwaga chini watoto wa watu wanasagula mia tano mia tano. Sa hivi ya kutundika inapungua kila msimu. Nakuta nguo ina lebo ya onlaini, haijafuliwa hata mara tano inaonekana, lakini imejaa vipele vya poliesta na imevutika shingo. Nani anainunua? Na balo sikupunguziwa bei, nalinunua limefungwa sijui ndani kuna nini, ni kamari ya halali.

Sasa niwaambie kitu ambacho wataalamu wa mazingira hawakijui. Zile mbovu kabisa zamani hazikuwa hasara. Fulana za pamba zilizochoka nilikuwa nawauzia mafundi gereji kwa kilo, wanafutia oili na grisi. Siku hizi wanakuja, wanazishika, wanazirusha. Poliesta hainyonyi oili vizuri kama pamba, inaipaka tu inaihamisha kutoka huku kwenda kule. Hata dekio haifai, unapiga deki maji yanakimbia mbele yako. Kwahiyo kile kilichokuwa mwisho mzuri wa nguo leo kinaenda jalalani au kinachomwa nyuma ya soko jioni na moshi wake mweusi unatuingia sisi kifuani.

Lakini msije mkasema mtumba upigwe marufuku. Mimi nimesomesha watoto kwa meza hii. Na kuna wabeba mizigo, wapiga pasi, mafundi kama huyu mwenye uzi, mama ntilie, wachuuzi wanaotoka mikoani kuja kufunga mzigo, wote hao mtawapeleka wapi?

msee_wa_Giki

Mambo wadau, mimi niko Nairobi, soko la mtumba la Gikomba. Yule mama amesema yote, ni kama anaongea kuhusu stoli yangu. Huku tunaita kamera zile za kwanza kabisa, belo ikifunguliwa wateja wa kamera wanakuwa wameshasimama hapo tangu asubuhi, wengine wana maduka ya mtandaoni, wanachukua safi wanaenda kuuza mara tatu. Zinazobaki mwisho ni fagia, na siku hizi fagia ndo inakuwa belo nzima buda, kilo 45 za fagia!

2023 kulitoka ripoti ya watu wa mazingira, Clean Up Kenya na wenzao wa Changing Markets, wakasema nguo zaidi ya moja kati ya kila tatu za mtumba zinazoingia Kenya zina plastiki ndani na ni za hali ya chini kiasi cha kuwa taka hapohapo. Wafanyabiashara wetu wakaruka juu wakasema ni uongo, nani anaweza lipia ushuru wa taka? Mimi nasema ukweli uko katikati. Hakuna mtu ananunua takataka akijua. Lakini tembea nyuma ya Gikomba uende pale mto Nairobi unapopita uangalie ukingo, utakuta unakanyaga nguo siyo udongo, tabaka juu ya tabaka. Hizo hazikuletwa na upepo. Zingine zinaishia dampo la Dandora.

Na mtu akisema marufuku nitamkumbusha 2020 wakati wa korona, serikali ilifunga mtumba kutoka Machi mpaka Agosti. Hakuna kiwanda kilifunguka. Watu walikaa tu njaa, na nguo mpya za bei rahisi kutoka China zikajaza ile nafasi.

Dereva_Rusumo

Niongezee hapo kwa msee. Mimi napiga safari za Kigali kupitia Rusumo. 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mtumba upungue mpaka uishe ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vifufuke. Wauza mtumba wa Marekani wakapeleka malalamiko serikalini kwao mwaka 2017, Marekani ikatikisa kibiriti cha AGOA, ule mpango wa bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukalegeza baadaye. Rwanda pekee ikakaza shingo, walishapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikawasimamishia nguo zao kuingia kule bila ushuru.

Sasa swali ni je Wanyarwanda wanavaa nguo zao? Baadhi ndiyo, kuna wabunifu wazuri Kigali, lakini bei zao siyo za mtu wa kawaida. Kariakoo yao imejaa nguo mpya za China za poliesta kama zetu, na mtumba nao unapenya mipakani kwa magendo. Heshima yao ipo, sijawacheka. Ila ukizuia mtumba bila kuwa na kitambaa chako umebadilisha tu mlango ambao poliesta inaingilia.

KijanaWaHoja

Wakuu mimi naona hizi ni kelele za wazungu tunazibeba bila kufikiri. Mwafrika amechafua nini? Sisi nguo anavaa kaka, anarithi mdogo, inaenda kijijini, inakuwa ya shamba, inakuwa dekio, inakuwa tambi ya kibatari. Ni nani duniani anatunza nguo kuliko sisi? Wao ndo wananunua wanatupa, halafu wakiandika ripoti wanapiga picha dampo letu. Wakaambiane wenyewe huko.

mbongo_baridini

Kijana wa Hoja uko sahihi kuhusu nani kaanza lakini uchafu haujali pasipoti. Mimi niko Ujerumani, nimefanya kibarua kwenye godauni la kuchambua nguo za kuchangiwa. Nieleze inavyokwenda maana watu nyumbani wanafikiri kuna mzungu mmoja mkarimu anafunga balo.

Mtu anatupa nguo kwenye lile kontena la mtaani akijiona ametoa sadaka. Inakuja kwetu kwenye mkanda, unasimama, mikono inapita, una sekunde chache kuamua. Safi kabisa zinabaki hukuhuku kwenye maduka ya vintage. Zinazofuata zinaenda Ulaya Mashariki. Za Afrika zinapangwa kwa aina na gredi, za joto zaidi. Zilizobaki zinakatwa matambara au zinasagwa kuwa sufi ya magodoro na ya kuzuia baridi kwenye nyumba. Ile ndoto ya nguo kuzaliwa upya kuwa nguo bado ni chini ya asilimia moja duniani, maana nguo moja ina pamba, poliesta na spandeksi (uzi wa kuvutika) zimesokotwa pamoja, nani atazitenganisha?

Na kuna jambo lingine mama Mabalo atalielewa haraka. Siku hizi mtu wa huku nguo yake nzuri haitupi kwenye kontena, anaiuza mwenyewe kwa simu, kuna programu kama Vinted kila mtu anayo. Kwahiyo nyama inaliwa hukuhuku, mifupa ndo inafungwa balo. Toka Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa zikusanye nguo kuukuu peke yake zisichanganywe na taka nyingine. Ni kitu kizuri ukisoma kwenye karatasi, lakini maana yake ni nguo nyingi zaidi kuja kwenye magodauni, na mbovu zaidi, na lazima ziende mahali. Zikikosa Afrika zinaenda kule Chile, jangwa la Atacama karibu na Iquique, tafuta picha zake uone milima ya nguo, nyingine na lebo zake za bei hazijatolewa.

MamaMabalo

Mbongo Mungu akubariki kwa hiyo taarifa. Mwaka wa ngapi huu najiuliza kwanini blauzi nzuri zimepotea, kumbe wanaziuza wenyewe! Sasa nimeelewa kwanini anayeniuzia ananiambia "mama hali ni ngumu huko juu".

ng'wana_Bariadi

Nimesoma uzi wote nimecheka halafu nimekasirika. Mimi nalima pamba, Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Baba alilima, mimi nalima. Na leo nikiwa shambani naokota pamba nimevaa fulana ya poliesta ya kampeni! Niangalieni hiyo picha kichwani.

Pamba yetu inachambuliwa hapahapa kwenye jineri, yaani kiwanda cha kutenganisha nyuzi na mbegu, mbegu inakwenda kwenye mafuta, nyuzi kwa sehemu kubwa zinafungwa zinasafirishwa nje. Viwanda vya nguo vya Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Urafiki ya Dar iliyojengwa kwa msaada wa China ikaanza 1968, hayo majina wazee wanayataja kama watu waliokufa. Kenya nao wana hadithi ya Kicomi Kisumu na Rivatex Eldoret. Watu wanapenda kusema mtumba uliua viwanda, mimi nasema mtumba ulikuta mgonjwa yuko kitandani. Mashine zilikuwa za zamani, umeme unakatika, spea hakuna dola ya kununulia, menejimenti za kupeana. Miaka ya themanini mwanzoni kabla ya biashara kufunguliwa 1984 nguo hazikupatikana kabisa, mama yangu anasimulia foleni ya kanga ya duka la kaya kama foleni ya hospitali. Mtumba ulipoingia watu hawakuupokea kwasababu ni wajinga, waliupokea kwasababu walikuwa uchi.

Kwahiyo mkitaka nguo endelevu anzeni na hapo, mnunuzi wa uhakika wa nyuzi zetu hapa ndani.

KijanaWaHoja

Mkulima nakuheshimu ila pamba nayo siyo malaika. Bahari ya Aral kule Uzbekistan na Kazakhstan ilikaukia kwenye mashamba ya pamba, meli zikabaki mchangani. Fulana moja inasemekana inakula lita 2,700 za maji. Na dawa je?

ng'wana_Bariadi

Kijana ile ya Aral ni pamba ya kumwagilia, Wasovieti waligeuza mito miwili mizima. Hapa tunalima kwa mvua ya Mungu, isiponyesha hatuvuni, hilo ndo tatizo letu kinyume chake. Kwenye dawa sikupingi, tunapulizia, na wengi bila hata glavu. Hapo tuna kesi ya kujibu. Lakini pamba ikizeeka naizika shambani inaoza, poliesta ni mafuta ya petroli imevalishwa kola.

dada_Mkunazini

Asalaam aleikum jamani. Niko Unguja. Mnazungumza yote hayo hamjagusa kanga, na kanga ndiyo ya kutolea mfano. Kanga ya pamba unanunua doti, moja unajifunga moja unajitanda. Ikichakaa kidogo inakuwa ya jikoni, halafu mbeleko, halafu inachanwa inakuwa nepi ya mtoto, mwisho kitambaa cha kushikia sufuria. Bibi zetu hawakuwahi kutupa kanga, iliisha tu yenyewe.

Sasa nendeni dukani leo. Mnaletewa kanga rangi zinang'aa hizo, jina zuri, bei nafuu, unaishika inateleza. Poliesta. Mtoto akikojoa mkojo unapita moja kwa moja unakufikia wewe, haikunyonya hata tone. Ukikaa nayo karibu na jiko cheche moja tu imetoboka na kuyeyukia. Joto la Machi hapa kwetu ukijitanda nayo unatoka jasho kama umefunikwa na rambo.

FundiWaNdani

Dada Mkunazini umesema rambo na mimi ndo nilikuwa nasubiri mtu alitaje. Tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, Kenya walitangulia 2017, tukasifiwa dunia nzima. Mgambo anakukamata na rambo la nyanya huku amevaa fulana ya poliesta ambayo ni chupa ileile ya maji imesokotwa uzi! Na kila tukifua zinatoka chembechembe ndogo huwezi ziona, zinaenda mtaroni, mtaro unaenda mto Msimbazi, Msimbazi unaenda baharini, dagaa anakula. Shirika la uhifadhi la IUCN mwaka 2017 lilikadiria chembe za plastiki zinazoingia baharini zikiwa ndogo tayari, kama asilimia 35 zinatokana na kufua nguo za sintetiki. Sisemi serikali ipige marufuku fulana, tutatembea kifua wazi. Nasema tu tusijipongeze mapema.

Bwana_Nusu_Bei

Fundi tupe dili la kutambua kitambaa basi. Muuzaji yeyote ukimuuliza anakwambia "hii kotoni hii bosi", hata ikiwa ni turubai.

FundiWaNdani

Haya. Kwanza lebo ya ndani ubavuni siyo ile ya shingoni, ya shingoni ni jina tu, ya ubavuni ndo inasema asilimia. Kwenye mtumba mara nyingi imekatwa, na za Kariakoo lebo inaweza kuwa imebandikwa tu. Basi vuta uzi mmoja mdogo kwenye upindo wa ndani, ushike kwa koleo au pini siyo vidole, uwashe na kiberiti ukiwa nje. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, inabaki jivu laini ukilisugua linapotea. Poliesta inasinyaa inayeyuka, moshi mweusi, inabaki gololi ndogo ngumu ambayo haivunjiki kwa vidole. Ukipata vyote viwili imechanganywa. Ikinuka nywele zilizoungua ni sufu au hariri na hapo usimwambie muuzaji, lipa uondoke 😄. Viskosi, uzi unaotokana na miti, inakudanganya maana inawaka kama pamba, ila ikilowa inalegea sana, hiyo usiipige brashi kwenye kufua.

Halafu igeuze nguo ndani nje kabla hujaiangalia nje. Shika mshono vuta pande mbili, ukiona mwanga katikati ya stichi iache. Angalia kwapani na katikati ya mapaja, huko ndo nguo inafia. Inyanyue kwenye jua, kama unauona uso wa muuzaji ng'ambo ya pili basi unanunua hewa. Suruali iangalie kama ina kitambaa cha akiba kiunoni nyuma, ikiwa nacho hiyo ilishonwa na mtu aliyetegemea utanenepa, nunua.

Na kufua nako kunaua. Jua la Dar la saa saba linakausha raba ya spandeksi, jinzi za kuvutika zinalegea magoti kwa hiyo. Anika kivulini, geuza ndani nje. Brashi waachie viatu.

shosti_wa_Tegeta

Naomba kuuliza kwa nia njema, nikinunua za kampuni zinazojiita "rafiki wa mazingira", zile zenye lebo ya kijani, nimepona?

mbongo_baridini

Shosti usilipie rangi ya lebo. Huku zimejaa. Wanaandika imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelewa, ukifuatilia ni chupa za maji, na chupa ingeweza kurejelewa kuwa chupa tena na tena, ikishakuwa fulana safari yake kawaida imeishia hapo. Na duka linalokuletea mitindo mipya kila wiki haliwezi kuwa rafiki wa mazingira hata lipakwe kijani mpaka dari. Mimi swali langu ni moja tu, mshonaji amelipwa ngapi? Bangladesh kima cha chini cha washonaji kilipandishwa Desemba 2023 kikafika taka (hela yao) 12,500 kwa mwezi, kama dola 113, na wafanyakazi walikuwa barabarani wakidai 23,000. Baadhi waliuawa kwenye hayo maandamano. Lebo ya kijani haikuandikwa hilo.

KijanaWaHoja

Sawa hapo mmenipata kidogo. Lakini narudia, mzigo mkubwa ni wa anayetengeneza na anayetupa. Ufaransa wameanza kutunga sheria ya kuzibana hizi kampuni za chapchapu, bunge lao lilipitisha muswada Machi 2024. Sisi tungedai gharama ya taka ije na balo. Kama nguo inauzwa Paris na inafia Pugu Kinyamwezi, basi aliyeiuza Paris achangie dampo la Pugu.

FundiWaNdani

Kijana hiyo ndo hoja bora kwenye uzi huu na ningependa kuona mbunge anaibeba. Maana ushauri wote wa "nunua kidogo, tunza" unamwangukia mtu wa chini ambaye tayari ananunua kidogo na anatunza. Mimi nawaambia wateja wangu hivyo kwa faida yao ya mfukoni, siyo kwamba shosti akiacha gauni moja Atacama itapungua.

msee_wa_Giki

Hapo umeongea kama jaji. Huku pia wabunifu wadogo wameanza kununua fagia za jinzi wanaunganisha vipande wanatengeneza jaketi, zinauza hata nje. Ni kitu kidogo lakini inasonga.

MamaMabalo

Fundi mimi nina wazo la hela. Mashuka ya mtumba, yale meupe ya mahoteli, bado ni pamba nzito kweli na hayana soko sana kwasababu watu wanaogopa yametumika wapi. Nikikuwekea yale yasiyo na doa unaweza kufanya nini?

FundiWaNdani

Mama hayo usimpe mtu mwingine! Shuka moja la kitanda kikubwa natoa mashati mawili ya mtu mzima au sare za shule za watoto kadhaa, mashati meupe ya shule ya dukani siku hizi yote ni poliesta watoto wanarudi wananuka jasho. Kuyachemsha kwanza ni lazima, na nitayapiga stichi fupi. Bei ya shuka kwako ikoje nikichukua kwa wingi?

MamaMabalo

Njoo Alhamisi asubuhi nikifungua mzigo, kabla ya saa mbili. Bei tutaelewana ukiwa hapa, siandiki kwenye mtandao wenzangu wanasoma.

Bwana_Nusu_Bei

Fundi hayo mashati ya shule ukishashona niwekee mawili, darasa la tatu, mwili mnene. Na acha kitambaa cha akiba ubavuni.